Shimo la Teopista

Mimi na Teopista tumeuza bega kwa bega upande wa Uganda wa mpaka wa Busia tangu sote wawili tukiwa na viuno. Mimi huvuka asubuhi na omena wangu, wale dagaa wa ziwani, kutoka Kenya, yeye huja na viazi. Hataki jua livione viazi vyake hata kidogo, maana vikiona jua vinageuka kijani na kuwa vichungu, na mteja akila kiazi kichungu mara moja harudi tena. Kibaya ni kwamba kibanda chake cha mabati ni tanuri. Kila msimu alimwaga magunia yaliyooza, huku akijidai anapenga kamasi ili nisione kwamba analia.

Ndipo akaingiwa na wazo la kujenga stoo ya chini ya ardhi. Aliiona moja Tororo, kwa tajiri fulani: unateremka ngazi, unakuta baridi na giza, viazi vimelala vizima kabisa. Alirudi akiwa hana wimbo mwingine. Nilimtania kwamba anaharakisha kuzikwa, akanijibu kwamba omena wangu nao wangenuka kidogo zaidi huko chini.

Ardhi alikuwa nayo, au ndivyo tulivyodhani. Baba yao alikufa akaacha shamba moja Dabani, na watoto wawili: Teopista na mdogo wake, Paddy. Sehemu ya juu inapakana na barabara. Sehemu ya chini inashuka mpaka bondeni penye mafunjo. Paddy alitaka shamba likatwe katikati, yeye abaki juu na dada ashuke chini. Teopista alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na ndiye aliyekuwa akimlisha mama yao, Mama Dorcas, tangu siku hiyo. Hakutaka ugomvi. Alisimama mbele ya ukoo akasema kwamba kama kule chini panajengeka stoo yake, atapachukua kwa moyo mweupe. Lakini kama pana maji, shamba likatwe upya kutoka barabarani hadi bondeni, kila mmoja apate juu kidogo na chini kidogo. Mzee Osinya, mkuu wa ukoo, aliona ni haki, wakakubaliana kusubiri masika.

Fundi aliyejenga ile stoo ya Tororo, Opolot, ndiye aliyemwelekeza. Achimbe shimo lenye kina cha sakafu anayoitaka, alifunike kwa mabati mvua isiingie, kisha alitazame msimu mzima. Maji ya mvua si kitu, alimwambia. Ya kuogopwa ni yale yanayopanda kutoka chini, kwa sababu yataisukuma sakafu mpaka ipasuke, na viazi vitaogelea. Shimo likikaa kavu katika masika, ajenge. Likiingia maji, asahau.

Basi kila jioni akitoka sokoni, Teopista alipitia shimoni, akafunua mabati na kumulika kwa simu. Alikuta matope kidogo tu. Kila asubuhi aliniletea habari hiyo kabla hata ya salamu: kavu. Masika yale yalikuwa makali, vyura wa bondeni walikuwa wakiimba mpaka mchana, nami nilishangaa kidogo moyoni. Lakini mtu akifurahi namna ile, nani atamwaga mchanga kwenye ugali wake?

Siku ya kupanda masale ikafika. Kwao mpaka wa shamba hupandwa masale mbele ya ukoo, mbuzi akaliwa, na baada ya hapo hakuna anayethubutu kuyang'oa. Nilivuka nikamsindikize rafiki yangu. Tulikuwa nyuma ya jikoni tukimenya ndizi alipokuja Resty, jirani anayepanga kwenye nyumba ya Paddy. Alipiga magoti mbele ya Teopista.

"Dada, Mungu akubariki," alisema. "Tangu umechimba hii kisima, mimi hapana kwenda mbali tena na jerikeni."

Teopista alimuuliza kisima gani.

"Hii yako ya huko chini. Paddy alisema ni wewe umeruhusu, tuchote mchana, tumalize mbele wewe narudi kutoka soko. Hata mama yako anakuja, anatushikia kamba."

Kisu kilisimama kwenye ndizi. Huku kwetu maji hayanyimwi, na anayeyatoa haulizwi kwa nini anatoa. Kwa hiyo majirani wote walikuwa wakilikausha shimo la Teopista kila mchana, wakimwombea baraka, na hakuna aliyejua anamfanyia nini. Isipokuwa wawili. Niligeuka nikaona jerikeni zimepangwa ukutani, na mbuzi akichemka katika maji yale yale. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini nguo ya mama?

Teopista alifuta mikono, akaenda walipoketi wazee, akawaambia kwamba shimo lina maji na linachotwa kabla hajafika. Wazee wakashuka kutazama. Matope kidogo tu. Paddy akacheka, akauliza si ni dada mwenyewe aliyelikagua kwa macho yake masika yote? Resty alipoitwa aliitazama ardhi, na mimi simlaumu, maana paa analolala chini yake ni la Paddy. Teopista akaomba wangoje siku moja tu, pasichotwe. Mzee Osinya alifikiri, kisha akasema mama mwenye mji yupo na anaishi hapo kila siku, yeye aseme, na neno lake litamaliza.

Wote tukamgeukia Mama Dorcas. Teopista alimtazama kama mtoto anayengoja kuinuliwa.

"Shimo ni kavu," mama alisema. "Pandeni."

Nilifungua mdomo, na mdomo wangu mnaujua. Teopista alinibana mkono mpaka nikanyamaza. Mtu hamwiti mama yake mwongo mbele ya ukoo, na mgeni ndiyo kabisa. Masale yakapandwa. Paddy aliushindilia udongo kwa kisigino chake mwenyewe, mche hadi mche, bila kuinua macho.

Teopista aliniambia pale pale kwamba hachimbi stoo tena. Nani atachimba kwenye maji huku anajua? Tulikaa chini ya ukuta wa jikoni. Nilitaka alie, angalau nipate kazi ya kumbembeleza.

Watu walipokuwa wakila, Mama Dorcas alimletea sahani ya nyama. Alianza kueleza kwa sauti ya chini, kwa Kisamia, lugha ya kwao ninayoielewa, kwamba Paddy ana watoto na hana kazi, na asipokuwa na ile sehemu ya barabarani ataangamia, lakini yeye Teopista ana mikono yake na atajitafutia popote. Teopista aliipokea sahani kwa mikono miwili, kwa heshima, akaiweka chini.

"Ungeniomba, mama," alisema. "Ungeniomba tu, ningempa."