Bapa la Chai na Chipsi Baridi

Enzi zetu pale Othaya hesabu haikukaa kwenye simu, ilikaa kwenye kona ya darasa. Kona ya sakafu chini ya dirisha ndiyo iliyokuwa sifuri. Ukifuata ukuta kuelekea bondeni ni x, ukifuata ukuta wa mlango ni y, na ukipanda juu kwenye utando wa buibui ni z. Sakafu yenyewe ilikuwa z sawa na sifuri, nasi ndio tulioipiga deki kila Ijumaa, kwa hivyo mtu asiniambie sijui bapa, yaani uso ulionyooka, ni nini!

Mwalimu wetu Wachira alikuwa mwembamba na mwingi wa vituko. Muhula ule alibakiwa na nafasi moja kwenye timu ya mashindano ya hesabu kule Nanyuki. Nanyuki! Mimi na Nyambura, niliyekaa naye dawati moja, hatukuwa tumevuka Nyeri mjini, na tulisikia kwamba huko wageni hupewa chipsi na soda. Niliitaka nafasi ile hadi nikawa naota vinega ya chipsi.

Siku ya mchujo, mwalimu alitupeleka kwenye shamba la chai la shule. Mnajua wachumaji hulaza ufito mrefu juu ya michai ili uso wake ubaki umenyooka, kisha huchuma yale majani yanayochomoza juu ya ufito. "Hii ndio bapa," akasema. "Nataka mlinganyo wake. Kwanza mnionyeshe mstari unaoikata kwa pembe mraba."

Aka, hilo nalo ni swali? Nikanyakua ufito, nikausimamisha ukitazama mbinguni, nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushiba chipsi: "Zedi sawa na moja!" Sisi tulizaliwa kwenye mteremko. Nguzo za nyumba, za ua, za zizi, zote husimama hivyo hata ardhi ikiwa imelala upande.

Mwalimu aliniangalia. "Ati hii shamba iko tambarare, ama ni mimi nimepinda?" Akatoa mpira mfukoni, akauweka kwenye kijia kati ya michai. Mpira ukaanza polepole, ukashika kasi, ukapotea bondeni pamoja na safari yangu.

Nyambura aliulaza ufito tena juu ya chai, akaweka juu yake ile pembetatu kubwa ya mbao ya ubaoni aliyokuja nayo mwalimu. Upande mmoja ukalala na mteremko, wa pili ukainamia bondeni: kwa kila hatua mbili za kwenda juu, moja ya kwenda bondeni. Akahesabu hatua kutoka kona ya darasa hadi pale tuliposimama, akasema, "Eksi jumlisha zedi mara mbili, sawa na kumi." Akapewa nafasi. Nilimwonea wivu mpaka nikalia, na asubuhi ya safari nikakataa kumpungia mkono.

Kumbe Nanyuki ni tambarare, jamani! Nyambura aliitwa mbele, akapewa fimbo, akaambiwa aonyeshe mstari wa pembe mraba na sakafu ya ukumbi. Kwa mazoea ya chai, akaiinamisha. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na timu yetu ikarudi mikono mitupu.

"Nilitafuta bonde nikalikosa," aliniambia jioni ile, macho yamemwiva. Kisha akatoa kwenye mfuko wa sweta kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta. Ilikuwa nusu ya chipsi zake, baridi, zimelegea, zinanuka vinega. Tulizila nyuma ya jiko la shule tukicheka hadi tukapaliwa. Sijawahi kula chipsi tamu kama zile.

Siku hizi binti yangu anazungusha bapa la zambarau kwa kidole kwenye simu, halafu ananiambia, "Mami, hii hesabu ni ngumu." Akikosea, simu inamwambia ajaribu tena, na hakuna anayemcheka. Ni vizuri, nadhani. Juzi alipokosea nilimuuliza ni nani aliyemletea chipsi. Akaniangalia kana kwamba ni mimi nimepinda.