Fundo la Mama Mkwe

Daraja la Garissa lilikuwa bado halijajengwa, na kazi yangu ilikuwa kutunza mashua ya bwana ofisa. Haikuwa mashua ya kazi. Ilikuwa ya starehe tu: kila Jumapili yeye na wageni wake waliingia mto Tana kutazama viboko na kula mikate yao, nami nikipiga makasia. Lakini sheria zake, wallahi, ungedhani tunavuka bahari. Ndani lazima kuwe na boya lenye kamba ndefu, nanga, kata ya kukumbia maji, firimbi, na jaketi la kuelea kwa kila mtu. Jaketi livaliwe kabla mguu haujaingia mashuani. Na mikanda yake afunge mwenye mashua, ndiye mimi mpiga makasia, kwa mkono wake mwenyewe, si abiria.

Mwanzoni nilizicheka sheria hizo. Niliacha kucheka mwenzangu wa kasia alipokufa maji. Jaketi alikuwa nalo, ila alikuwa amelikalia, maana ubao ulimuumiza. Tulimpata siku ya tatu. Tangu hapo hapakuwa na mtu wa kunilegeza, awe ofisa, awe shehe. Waliniita kichwa kigumu, na sikukasirika kwa sababu ni kweli.

Masika yaliyofuata mke wangu alilazwa hospitalini Garissa. Ilikuwa mimba ya kwanza, uchungu umeingia siku ya pili, na mtoto hatoki. Alikuwa akimwita mama yake tu. Mama yake aliishi ng'ambo ya mto, na nilikwisha kutuma mtu kumwita, lakini kabla hajafika mto ulifura na pantoni ikafungwa. Nikaenda kwa ofisa kuomba mashua. Akasema, "Chukua. Lakini sheria ni ile ile." Nikamwambia hiyo hata asingenikumbusha.

Nilivuka peke yangu, asubuhi, nikamkuta mama mkwe ukingoni. Mpwa wake aliyemleta alikuwa amekwisha rudi na punda. Tulikuwa wawili tu, na mto.

Sasa, kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye moja kwa moja, na kumgusa ndiyo kabisa haisemeki. Nilikuwa na miaka miwili ya ndoa, na sauti yake nilikuwa naisikia kupitia ukuta wa mikeka tu. Aliponiona alijifunika shuka mpaka macho. Nami nikageuka upande, jaketi mkononi, sijui nianzie wapi. Sheria inataka nimfunge mikanda kifuani!

Nikauambia mto, "Asiyevaa jaketi hapandi."

Naye akaliambia kasia, "Kasia, mwambie mwenye mashua kwamba mwanangu anakufa kule."

"Najua," nikasema. "Ni mke wangu. Lakini asiyevaa hapandi."

Sikufichi, moyo ulikuwa unaniuma. Kila dakika niliyosimama pale ilikuwa ya mke wangu. Ningeweza kusema haya, panda tu, tutafika. Lakini nilikuwa namwona yule mwenzangu, na nisingeweza kwenda kitandani kwa mke wangu nimwambie nimemzamisha mama yake. Nikaweka jaketi mchangani katikati yetu, nikavaa langu, nikampa mgongo. Nikafunga mikanda yangu polepole, nimeivutia ubavuni ili aone: huu hapa, huu pale, kisha fundo la kitanzi, lile la sheria, linalofunguka ukivuta ncha moja.

Nikasikia jaketi likiinuliwa. Nikasikia nguo ikikazwa. Halafu nikasikia kicheko kidogo cha puani.

"Kasia," alisema, "fundo hilo halishiki hata mkeka juu ya ngamia."

Huyu ni mwanamke aliyevunja nyumba kila walipohama na kuifunga mgongoni mwa ngamia tangu hajaolewa, miti, ngozi, vibuyu vya maziwa na vitoto vya mbuzi juu yake, na haikuwahi kudondoka. Nikatupa jicho pembeni: lake alilizungusha mara mbili, ncha akaipitisha ndani na kuibana. "Na mwenye mashua afunge hivi," akasema.

Nikakaza shingo. Sheria inasema kitanzi, na mimi ni mtu wa sheria. Basi.

Nilikuwa nimeivuta mashua kwa kamba mbali kuelekea juu, ili mkondo utushushe hadi Garissa. Tukasema bismillahi, tukaingia. Alikaa chini sakafuni, akaikamata kata na kuanza kukumba maji bila kuambiwa. Katikati ya mto gogo lilitugonga ubavuni. Kasia likaniponyoka, nikalifuata, nikajikuta majini.

Mwanzoni jaketi liliniinua vizuri. Ila mikanda ililowa, kitanzi kikateleza, na jaketi likaanza kupanda shingoni, kisha kichwani, likaniacha. Nilikunywa maji ya Tana mpaka nikasema shahada. Kisha mkono ukanishika kwenye kola, ukavuta, ukanishika kwapani, ukavuta tena. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelalia ukingo wa mashua, na uso wa mama mkwe, usio na shuka, ulikuwa shubiri moja kutoka wangu. Alikuwa na kidevu cha mke wangu. Alinivuta hadi ndani, akajifunika, akarudia kata yake.

Nilipiga lile kasia moja lililobaki, kushoto na kulia, tukatua mbali chini ya mji. Tukatembea matopeni, yeye mbele, mimi nyuma hatua thelathini, heshima imerudi mahali pake. Jaketi alikuwa bado amelivaa alipoingia wodini. Mwanangu alizaliwa baada ya adhuhuri, mke wangu ameshikwa mikono na mama yake.

Alikaa nasi siku arubaini. Kwa siku zote hizo hatukutazamana. Akitaka kitu alimwambia binti yake, "Mwambie mumeo," nami nimekaa palepale nasikia.

Siku ya kurudi kwao mto ulikuwa umetulia. Nikaweka jaketi mchangani kama nilivyofanya mara ya kwanza, nikageuka. Nikangoja. Nikasikia jaketi likiinuliwa, lakini sikusikia mikanda ikikazwa. Nilipotupa jicho nikaona amelivaa, amenipa mgongo, mikono ameitanua, na mikanda inaning'inia.

Sheria inasema mwenye mashua afunge kwa mkono wake.

Nikamfunga. Sikutumia kitanzi. Nilizungusha mara mbili, ncha nikaipitisha ndani.

"Kaza, mwanangu," akasema.