Kuzama Mara Moja

Katika kanisa letu kazi yangu ni kitenge. Wengine wanaimba, wengine wanasimama mlangoni na kupanga watu kwenye viti, mi nashika kitenge. Mtu akitoka kwenye maji ya ubatizo anatetemeka, nguo zimemganda mwilini, haoni vizuri, na mara nyingi analia. Hapo anahitaji mtu wa kumfunika haraka na kumfunga fundo begani kabla hajaanza kuona haya. Mtu huyo ni mimi, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Shule nilikwenda kidogo. Kusoma nilifundishwa kanisani nikiwa tayari na watoto, na hadi leo nasoma kwa kidole. Lakini kufunika mtu najua, na sijamwona bado wa kunishinda. Najivuna? Ndiyo, najivuna.

Zamani tulibatiza ziwani. Tulitoka mtaani kwetu Buyenzi alfajiri kwa miguu, tunaimba, na majirani zetu Waislamu waliokuwa wanarudi msikitini walitutania: "Mnakwenda kuoga tena? Nyumbani hakuna maji?" Pale ufukoni shemasi mmoja alikuwa na kazi yake peke yake, kuangalia kiboko. Alisimama na fimbo ndefu, haimbi, hafumbi macho hata wakati wa maombi. Siku moja kiboko alitoa pua karibu nasi, na mchungaji wetu wa zamani, mzee mfupi mwenye sauti ya ngoma, akamzamisha mtu wa mwisho mbio mbio, wote wawili wakatoka majini wanakimbia. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hakuna aliyepiga picha. Nikikuambia ni nani aliyezama siku ile, utaniamini au utaniacha, basi.

Halafu ziwa likapanda. Likala ufuko, likala miti, likaingia kwenye nyumba za watu. Pale tulipobatizia sasa wanapita samaki.

Mchungaji tuliye naye leo ni kijana. Nilimjua anacheza kwenye vumbi la mtaa wetu, na siku alipotoka ziwani ni mimi niliyemfunika, miguu yake myembamba kama ya korongo. Si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema, kwa sababu watu wakisikia mwanamke mzee analalamika kuhusu kanisa wanaanza kutafuta mwizi. Hapa hakuna mwizi. Anaamka usiku kuombea wagonjwa, anazika watu wetu kwenye mvua. Lakini anataka kupendeza watu, na watu siku hizi wanakaa ndani ya simu.

Dunia iliingia kwetu polepole, kama mgeni anayeomba kukaa kidogo tu. Kwanza spika kubwa. Sawa, wazee hawasikii. Halafu taa za rangi. Halafu Neno. Zamani tulisoma sura nzima tumesimama, na kama sura ni ndefu miguu inauma na unakumbuka ulichosikia. Sasa ni mstari mmoja ukutani, nusu dakika, kwa sababu wanaotazama kwenye mtandao wanachoka. Mi ndiye mwenye magoti mabovu na sikuwa nimechoka. Nilisema mara ya kwanza, nikasema tena, halafu nikaanza kujisikia kama mlango unaolia kila ukifunguliwa. Watu wanauzoea. Nikanyamaza, nikabaki na kitenge changu. Nilifikiri kwenye maji hawatagusa kitu.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya mjukuu wangu. Nimemlea mimi. Mama yake ni kitinda mimba wangu, yuko Ubelgiji, anaosha wazee wa watu na kuwalisha kwa kijiko. Aliondoka mtoto bado anakojoa kitandani, na karatasi zake za kule hazijakamilika, akitoka hataruhusiwa kurudi ndani. Basi binti yake amekuwa mrefu kumpita bila yeye kumwona. Kwa ubatizo huu aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni la kanisa, akakaa chumbani kwake na simu mbele yake, huku kwetu simu yangu ikiwa imefungwa kwenye kijiti karibu na maji ili aone kila kitu.

Maji yenyewe yalikuwa Kinindo, mtaa wa matajiri. Muumini mmoja anayefanya kazi na wazungu wa misaada alituazima bwawa lake la kuogelea. Maji ya buluu, yanatoa harufu ya dawa kama hospitali. Juu ya ngazi walikuwa wametengeneza tao la baluni nyeupe na za dhahabu. Nikajiambia, tulia mwanamke, Mungu anafika hata Kinindo, na hapa hakuna kiboko.

Kulikuwa na kijana wa kamera, amevaa miwani nyeusi, ndiye anayepiga harusi zote za mjini. Alinitazama, akatazama kitenge changu, cha buluu chenye ndege, kimepauka kwa kufuliwa.

"Mama, hicho kinaharibu rangi. Tuko na taulo nyeupe."

"Taulo lako lipe mbwa wa mwenye nyumba," nikamwambia. "Hiki kimefunika mchungaji wako akiwa hana hata ndevu."

Watu wakacheka, mchungaji naye akacheka majini alipokuwa amesimama. Tukaanza vizuri.

Wa kwanza alikuwa kijana mmoja wa kwaya. Akazama, akatoka, nikanyoosha kitenge. Kijana wa kamera akapiga kelele: "Pasta, mkono wako umeziba uso! Turudie." Na mchungaji, kama mtu anayeombwa kusogeza kiti, akamshika kijana tena, akalitaja tena Jina la Baba na la Mwana na la Roho, akamzamisha tena. Kwaya ikapiga vigelegele upya. Nikatazama huku na huku nione nani ameshtuka. Hakuna. Mama wa kijana alikuwa anatengeneza kola ya gauni lake.

Kisha akaingia wangu.

Aliteremka ngazi polepole, ameshika pua kabla ya wakati. Mchungaji akamuuliza kama anaamini, akasema ndiyo kwa sauti ambayo sikujua anayo. Akazama. Maji yakafunga juu yake kabisa. Nimeona wengi wakizama, lakini huyu ni wa nyumba yangu, na kwa kile kitambo nilishika pumzi mi pia. Akatoka. Nikamfunika, nikafunga fundo, nikamkumbatia na maji yake yote, gauni langu likalowa mpaka kifuani. Nilikuwa na furaha hiyo kwa muda wa kuvuta pumzi.

"Rezo ya simu imekatika!" kijana wa kamera akasema. Kwenye simu uso wa binti yangu ulikuwa umeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Alikuwa amekwama hivyo tangu swali la kuamini. Halafu uso ukatikisika, akarudi. "Nimeona baluni tu! Mmefika wapi? Ameshaingia?"

"Ameingia na ametoka," nikasema.

Kisha kijana wa kamera akamwambia binti yangu, kwa huruma kabisa, sina la kumlaumu: "Usijali, tantine. Tunarudia. Bibi, mfungue kitenge."

Sikumfungua. Mkono wangu ulikuwa kwenye fundo, nikauacha hapo.

"Apana," nikasema.

Mchungaji akasogea mpaka kwenye ukingo wa bwawa. "Mama yangu, si ubatizo wa pili. Ni picha tu. Mama yake yuko mbali."

"Ni picha tu?"

"Picha tu."

"Basi ukimzamisha, Jina utalitaja au hutalitaja?"

Kijana wa kamera akajibu badala yake: "Lazima alitaje, Bibi. Asipolitaja midomo haitacheza, watu wataona ni uongo."

Nilimtazama mchungaji tu. Yule aliyenifundisha kusoma kwa kidole alinifundisha pale paandikwapo kwamba ubatizo ni mmoja kama vile Bwana ni mmoja, na pale pasemapo kwamba anayezama anazikwa na Kristo. Mchungaji wetu alikaa kwenye benchi lile lile, alisoma mistari ile ile, kwa haraka kunipita. Mtu hazikwi tena kwa sababu wageni walichelewa kufika. Anajua. Maji yalikuwa kiunoni mwake, akayatazama, akayakoroga kwa kiganja.

"Mama." Sasa ni binti yangu, kutoka kwenye kijiti. "Mwache arudi. Ni dakika moja."

"Nilikuzaa mara moja, mwanangu. Hakukuwa na picha, na umezaliwa."

"Usinihubirie!" Alipaza sauti mpaka simu ikakwaruza. "We uko naye kila siku. Unamwona anakula, unamwona analala. Mi niko na nini huku? Niko na hiyo picha!"

Watu wote pale bwawani waliisikia. Nilitaka binti yangu aone. Nilitaka kuliko wote waliosimama pale. Kama ingekuwa kuniingiza mimi bwawani na gauni langu na magoti yangu, wangenizamisha mpaka jioni. Lakini kile walichoomba hakikuwa changu kutoa.

Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "Basi mutoto aseme mwenyewe."

Akamwachia mtoto mzigo huo. Hapo ndipo nilipomkasirikia kweli. Mjukuu wangu alisimama kati yetu, nywele zinachuruzika, midomo imebadilika rangi. Akatazama simu. Akanitazama. Akamtazama mchungaji.

"Mi niko na baridi," akasema.

Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba akabadilishe nguo. Tuliporudi simu ilikuwa imezimika na kijana wa kamera alikuwa anapanga uso wa anayefuata.

Tulirudi nyumbani kwa basi. Alikaa karibu na dirisha, begi la nguo mbichi kwenye mapaja. Nikamwambia Mungu amemwona. Akasema, "Najua, Bibi," kwa namna ya mtu anayetaka uache kumgusa.

Jumapili iliyofuata walionyesha filamu ukutani. Vijana wote wanatoka majini polepole kama wana mabawa, matone yanang'aa, muziki chini yake. Kijana wa kwaya yumo, ni ule mzamo wa pili, mkono hauzibi uso. Wangu hayumo. Unaona tu mgongo wa mtu aliyefunikwa kitenge cha buluu, kisha wanakata. Kanisa likapiga makofi. Nje mama mmoja akaniuliza, kwa ulimi mtamu, "Kumbe wako aliahirisha?" Mi, niliyefunika nusu ya kanisa lile! Nikamwambia aende akamuulize Mungu, yeye hakatikiwi na rezo. Nikafika nyumbani nikalala mchana na viatu miguuni. Si hasira. Hasira ina nguvu. Nilikuwa nimechoka kuwa yule bibi.

Mchungaji hajanisema neno baya. Ananisalimia kwa mikono miwili, anauliza magoti, na macho yake yanatafuta kitu nyuma ya bega langu. Sijui atafanya nini mwaka ujao. Kitenge hajakidai.

Binti yangu alikaa siku nyingi bila kupiga simu. Nilipompigia, simu iliita mpaka ikakoma. Nikatuma sauti: tuko wazima, mvua imenyesha, mtoto anasoma. Hakujibu. Mjukuu alizungumza naye chumbani mlango umefungwa, na akitoka nilimsoma usoni nikapata patupu.

Halafu jioni moja nachagua maharage uani, simu ikalia. Ni yeye. Nyuma yake kelele za sahani, yuko kazini, kwenye kona fulani.

"Mama."

"Eeh, mwanangu."

Nikasikia mtu anamwita kwa Kifaransa, naye akajibu anakuja. Kisha akasema, "Aliposhuka kwenye zile ngazi. Alikuwaje?"

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia. Nilimwambia alivyoshika pua mapema kama mtu anayepita kwenye jalala, na kwamba kisigino chake kina ile alama ya kuungua na pasi, ilionekana ndani ya maji. Nilimwambia ile ndiyo aliyoisema, sauti ilikuwa ya baba yake marehemu, nzito, sijui aliificha wapi. Nilimwambia maji yalivyofunga. Sahani zilinyamaza, nafikiri binti yangu aliingia mahali akafunga mlango.

"Na akiwa chini?"

"Akiwa chini alifumba macho, amekunja uso hivi, kama alivyokuwa akinywa dawa."

"Sikufumba."

Mjukuu wangu alikuwa kwenye kizingiti cha jiko. Sikujua tangu lini.

"Apana, Bibi, sikufumba. Nilifungua. Yaliniuma, ile dawa yao. Lakini nilitaka kuona."

"Anasema nini?" mama yake akauliza. "Mama, anasema nini? Aliona nini?"

Nikampa mtoto simu, nikachukua ungo wangu, nikasogea mwisho wa ua kumaliza maharage kabla giza halijaingia.