Napero chini ya reli

Meza yangu haina napero. Wake wa watoto wangu wamenifumia vitambaa hivyo vya meza vingi, vyeupe na vya rangi, nami navikunja sandukuni. Wanafikiri nina kiburi. Leo naandika sababu, waache kununa.

Miaka ile ya Zaïre nilifanya kazi ya nyumba katika mtaa wa Muhumba, kwa Muzungu muzee aliyekuwa na treni ndogo ya moshi. Ilikuwa na urefu wa kiwiko mpaka vidole, ikichemsha maji yake kwa moto wa alkoli na kuzunguka juu ya meza, kwenye reli zake, ikipumua. Mimi nilipangusa vumbi. Shule sikufika mbali, lakini macho ninayo. Muzee alipoona ninaangalia, alinionyesha: inamisha jicho mpaka usawa wa meza, pitisha ukucha kwenye maungio ya reli, usiipe moto mwingi. Kona za reli zile zilibana sana, kosa dogo liliiangusha treni.

Kisha serikali ikawapa Wazairwa mali za wageni. Muzee akaondoka na valizi mbili za nguo. Nyumba, treni na mimi tukapata patron mupya, bwana aliyevaa abakosti, suti ile ya wakubwa wa serikali, pamoja na madamu wake. Siku ya kwanza patron alichukua karte yangu ya utambulisho akaifungia mu tiroir ya kabati, eti isipotee. Bila karte, askari wa barieri, kizuizi cha njia ya Miti, wangenirudisha, kama si kunifunga. Na huko Miti, kwa mama yangu, nilikuwa nimeacha binti yangu anayeanza kutembea.

Miezi ikapita. Dirisha la jikoni lilinionyesha ziwa, ukuta, na zamu aliyelinda mlango. Muuza kabichi mmoja wa Miti akaniambia, "Mutoto wako sasa anaita mama yako 'mama'." Alicheka. Mimi hapana.

Nikaenda kuomba ruhusa. Patron alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, treni imelala ubavu.

"Papa, nipe karte yangu. Niende Miti siku mbili."

"Wewe njo ulikuwa hapa na Muzungu. Kwake ilikuwa inaanguka?"

"Hapana, papa."

"Basi itembee kwanza. Samedi niko na wageni. Ikitembea, utaenda."

Nikaikagua. Magurudumu yalikuwa mazima, maungio laini. Nikapunguza moto, ikaanguka polepole badala ya haraka, pale pale kwenye kona ya dirisha. Nikainamisha jicho. Reli ilipanda na kushuka kama njia za vilima vya mtaa wa Kadutu. Chini yake kulikuwa na napero. Tangu alipofika, madamu hakuvumilia mbao tupu katika saluni, chumba chake cha wageni, akaagiza reli zifunguliwe, akatandaza kazi ya mikono ya marehemu mama yake. Kwenye ile kona, reli ya nje ililala juu ya mbao, ya ndani ikakaa juu ya maua manene ya uzi. Treni iliegemea nje kama mulevi.

Kumwambia madamu hivyo ilikuwa kuomba kofi. Nikamwambia.

"Maman, napero itoke."

"Wageni waone meza yangu uchi?"

"Waone treni chini?"

Patron alicheka mpaka akakohoa. "Toa!" Madamu aliikusanya, akaondoka nayo chumbani.

Nikakaza skurubu za reli. Jumamosi treni ilizunguka bila kutetemeka, wageni wakapiga makofi. Nguo zangu zilikuwa tayari zimefungwa ndani ya kitenge. Patron akanishika bega mbele yao.

"Huyu njo mekanisie wangu! Hatoke hapa tena. Kila samedi, karibuni!"

"Papa, na Miti?"

"Na treni itawashwa na nani?"

Nikarudi jikoni, nikaosha glasi.

Jumamosi tatu niliiwasha. Kabla ya ile ya nne nilimfuata madamu, nikamwambia kwa adabu kwamba meza ile tupu inatia haya. Uso wake ulifunguka. Tukatandaza pamoja, yeye upande huu, mimi upande wa dirisha. Napero ya mama yake niliikunja mara mbili chini ya reli ya ndani. Wageni walipokaa, nikaipa moto mwingi.

Treni ilifika kwenye kona, ikalala, ikatoka mezani, ikagonga simenti. Maji ya moto yakamwagika. Gurudumu moja lilibiringika mpaka kwenye kiatu cha patron.

"Haujue kitu!" akapiga kelele. Alifungua tiroir, akanitupia karte. "Toka kwangu!"

Neno hilo nilikuwa nimelingoja muda mrefu. Lakini nilipopita saluni, madamu alikuwa amechuchumaa, anakamua kazi ya mama yake, imekuwa nyeusi kwa mafuta na masizi. Aliinua macho. Nadhani alielewa kwamba nilikusudia. Sikumwomba msamaha, nikaenda.

Askari wa barieri walitazama karte, wakaniacha. Miti nilifika kwa miguu kesho yake, jua liko juu. Binti yangu aliniangalia vizuri, kisha akajificha ndani ya kitenge cha mama yangu.