Waroma Walipokuja na Fidla Zao

Madam wangu alianza kujifunza fidla akiwa na miaka arobaini na mitatu. Ni daktari wa macho, mwanamke wa haraka. Katika nyumba yao ya mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, kila akirudi kazini alivua viatu, akajifungia chumba cha kando na kuanza kukwaruza. Mimi nilikulia kwenye kwaya ya kanisa letu, ukingoni mwa Mto Tana, nikiimba sauti ya pili, kwa hiyo nilijua kila alipokosea, na meno yaliniuma nikiwa jikoni. Lakini sikumcheka. Mtu mzima anayekubali kuwa mwanafunzi huku mfanyakazi wake anasikia ana moyo mkubwa.

Mama hakuwa na subira hiyo. Mama ndivyo sote tulivyomwita mama mzazi wa bosi, mume wa madam, ajuza mzaliwa wa Jeddah aliyekuwa amepita miaka themanini, magoti yamemgomea, anakwenda kwa kiti cha magurudumu ambacho kazi ya kukisukuma ilikuwa yangu.

"Yule paka bado hajafa?" aliniuliza kila fidla ilipoanza.

Mwaka ule madam alisikia kwamba okestra ya Waroma inakuja kupiga Riyadh, kisha Jeddah. Alinieleza akiwa na furaha kama mtoto. Waroma ni watu wa Ulaya ambao wazee wao walitoka India zamani sana. Kwa karne nyingi wamefukuzwa mji hadi mji, wakiitwa wezi na wachawi. Okestra hii ilikuwa yao wenyewe, imekusanya wapigaji kutoka nchi nyingi, na ilizunguka duniani ikipiga muziki mkubwa wa Ulaya pamoja na wa kwao, ili watu wawajue kwa kazi yao kabla ya kuwajua kwa uvumi. Madam alikuwa amemwandikia mpigaji mmoja wa fidla, na mwanamke huyo alikubali kuja nyumbani kula chakula cha mchana na kumsikiliza.

Asubuhi ya siku ile Mama aliniita.

"Ni ghajar hao wanaokuja?" Hilo ndilo neno la Kiarabu wanaloitwa Waroma, na jinsi alivyolitamka sikuhitaji tafsiri. "Vikombe vya fedha vitie kabatini ufunge. Weka vya kila siku."

Nilifanya alivyosema. Nilipogeuza ufunguo nilijisikia vibaya, kwa sababu wiki yangu ya kwanza katika nyumba ile, begi langu lilifunguliwa na kupekuliwa kila jioni, na aliyelifungua alikuwa Mama huyuhuyu. Wakati ule nilisimama kando nikitazama sakafu. Sasa mimi ndiye niliyefunga kabati.

Mgeni alifika na teksi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, nywele zimeanza mvi, kisanduku cha fidla mgongoni. Alikula kwa hamu, akaniuliza kwa Kiingereza ndani ya kabsa, ule wali wa nyama, mnatia nini, akarudia sahani. Mambo yakawa mazuri mpaka wakati wa kahawa. Hapo Mama akamwinamia madam na kusema kwa sauti isiyokuwa ndogo, "Muulize, hawa ghajar wanafundishwa wapi muziki wa watu waliosoma?"

Madam aligeuka rangi. Akamtafsiria mgeni, "Anauliza ulisomea wapi."

Mgeni akaweka kikombe chini. "Neno moja umeliacha," alisema, bila hasira. "Hilo nalijua. Kila nchi niliyopiga nimeambiwa kwa lugha yao. Mwambie Mama kwamba shuleni niliketishwa dawati la nyuma peke yangu, kwa sababu wazazi wa wenzangu hawakutaka watoto wao waketi na mimi. Mwalimu wa muziki alikuwa anahitaji mtu wa kubeba viti. Nikabeba viti, nikabaki kusikiliza, akaniona. Basi. Nilisomea hapo kwanza."

Safari hii madam alitafsiri yote. Mama alihesabu tasbihi yake, mimi nikasimama na birika nisijue nimimine au niondoke.

Mgeni akafungua kisanduku. Hakupiga kitu kigumu cha kutuonyesha ujuzi. Kupitia kwa madam, alimuuliza Mama kama yuko mtu aliyekuwa akimwimbia alipokuwa mdogo.

"Halas, basi, nimesahau," Mama akasema.

Mgeni akangoja. Nilidhani ataona aibu na kuanza la kwake, lakini alingoja tu, fidla begani, mpaka Mama akakohoa na kuanza kuvumisha wimbo wa kubembeleza mtoto, sauti imekauka. Mgeni alisikiliza mara moja. Mara ya pili akaingia naye taratibu.

"Si hivyo," Mama akamkatiza. "Hapo inapanda."

"Hapa?"

"Hapo. Naam."

Na ikapanda. Kisha mgeni akaiacha sauti ya kwanza kwa Mama mwenyewe, akashuka kupiga ya pili chini yake, ileile niliyokuwa nikiimba mimi kwenye kwaya, inayobeba bila kusikika sana. Nimesikia wapigaji hodari kabla na baada ya hapo. Sijaona mwingine aliyeweza kumsikiliza mtu aliyemtukana dakika kumi zilizopita kwa makini kiasi kile.

Kwenye tamasha la Riyadh Mama alikataa kwenda. Lakini siku mbili baadaye alitangaza kwamba anataka kwenda Jeddah kuona ndugu zake. Madam alinitazama, mimi nikamtazama, hakuna aliyetaja okestra mpaka Mama mwenyewe alipouliza, ndani ya ndege, "Hao watu wanaanza saa ngapi?"

Ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Ukumbi ulikuwa karibu na bahari, na kwa sababu ya kiti cha magurudumu tuliwekwa pembeni, mbele kabisa. Sikuwahi kukaa ndani ya ukumbi wa namna ile. Tulimwona mgeni wetu kwenye kiti cha kwanza cha fidla, amevaa nguo nyeusi, na Mama akanifinya mkono. "Kumbe ndiye mkubwa wao!"

Kabla ya kuanza, kiongozi wa okestra alizungumza kidogo, mkalimani akitafsiri. Aliwaonyesha wapigaji wawili wa selo, zile fidla kubwa zinazowekwa kati ya magoti. Walikuwa mwanamume na mwanamke, wamekaa mbele ya karatasi moja ya muziki. "Nchi zao zilipigana walipokuwa watoto," alisema. "Baba yake huyu na baba yake yule walivaa sare za majeshi mawili. Sasa wanasoma ukurasa mmoja, na mmoja ndiye anayemfungulia mwenzake."

Hakusema zaidi, akainua mikono. Lakini mimi nilibaki kuwatazama wale wawili. Kwetu Tana, wakulima na wafugaji tumewahi kuuana kwa ajili ya maji na malisho. Nyumba ya mjomba wangu ilichomwa, na watu wetu nao wakachoma za wenzao. Baadaye tulirudi kuuziana maziwa na ndizi, lakini kwa macho ya pembeni. Kila mwanamume yule alipofungua ukurasa, mwanamke akiendelea kupiga, nilimkumbuka mjomba.

Katikati ya muziki, palipokuwa na kasi kuliko pote, uzi wa fidla ya mgeni wetu ukakatika. Niliusikia. Alisita kidogo tu, akageuka, na aliyekaa nyuma yake akampa fidla yake mwenyewe. Huyo naye akachukua ya aliyekuwa nyuma zaidi. Ile mbovu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mpigaji wa mwisho kabisa, mzee mwenye miwani, aliyeinama kufunga uzi mpya huku wenzake wote wakiendelea. Muziki haukusimama hata pumzi moja.

"Wamegombana?" Mama akaninong'oneza.

"Hapana, Mama. Wamempa ya kwao ili asikwame."

"Na yule mzee?"

"Yeye amekubali kukosa kupiga."

Mama akanyoosha shingo amwone vizuri. Mwishoni mpigaji mmoja wa Jeddah alipanda jukwaani na udi, ile ala ya nyuzi ya Waarabu. Akaanza peke yake, okestra nzima ikimfuata kwa sauti ndogo, kama watu wanaoingia nyumba ya mtu wakivua viatu mlangoni. Ukumbi ulisimama. Nilimwona madam akilia waziwazi.

Tulipotoka, Mama alitaka asukumwe mpaka nyuma ya jukwaa. Nilidhani ataomba radhi, na nadhani mgeni naye alidhani hivyo, maana alichutama mbele ya kiti akasubiri. Mama alimshika vidole vya mkono wa kushoto, akazipapasa sugu zake moja moja.

"Mwambie," alimwambia madam, "ale vizuri. Amekonda."

Mgeni akacheka mpaka akashika kiti. Nikaona imetosha.

Ndani ya gari, tukipita karibu na mtaa wa Al-Hindawiyah, ambako Mama alizaliwa na ambako sasa wengi ni wafanyakazi wa kigeni kama mimi, alinigeukia. Miaka mitano nilikuwa nimemvika soksi, nimemwogesha, nimemlisha.

"Na nyinyi? Watu wenu mnaitwaje?"

"Wapokomo, Mama."

"Bokomo."

"Pokomo. Midomo ikutane kwa nguvu."

"Bokomo," alirudia, akakunja uso, akajaribu tena. "Mnaishi wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mto wetu.