Viti Tulivyoshuka Navyo

Baba alikulia Moshi. Theluji aliiona kila siku kupitia dirisha la choo na hakuwahi kuijali. Lakini tulipoingia kwenye jumba la theluji la Huadu, huko Guangzhou, tukitokea soko la ngozi la Shiling kununua mikoba ya biashara, akaviona viti vinavyoning'inia kwenye waya, vya kuwapandisha watelezaji juu. Akapagawa. "Mlima wetu una kila kitu," alisema, "ila akili hii hauna."

Tukapanda, Mama katikati, kafumba macho. Huko juu wenzetu wakateremka kwa kuteleza. Sisi hata mbao za kutelezea hatukuwa nazo, tulifuata kiti. Mfanyakazi akapunga mikono kwamba kushuka na kiti hakuna: "Mei you! Mei you!" Baba hakuinua makalio. "Laoban, bosi wangu, kimenipandisha, kinishushe." Kikatushusha, peke yetu upande wa kushuka, na kila aliyekuwa akipanda akatupiga picha. Tangu hapo kila safari ya mzigo ilikuwa na ibada hiyo, na Mama alifumba macho kwenda na kurudi.

Siku hizi niko Guangzhou peke yangu. Baba yuko nyumbani na kumbukumbu zinamtoroka. Mwezi uliopita aliniita jina la shangazi. Nilicheka naye, nikakata simu, kisha nikakaa kwenye ngazi za jengo letu la barabara ya Huanshi Zhonglu nikalia kama mjinga. Niliogopa ametusahau.

Nikaanza kushona. Kwenye kitambaa kikubwa, zipu ndefu ikawa waya na mabaki ya ngozi ya Shiling yakawa viti: vya kupanda vimejaa watu, vya kushuka vitupu. Sisi watatu nikatuweka upande wa kupanda, karibu na kilele, Mama macho ni uzi mweusi. Mnunuzi mmoja wa Nairobi akauliza, "Hii dazeni ni ngapi?" Nikamwambia ni sanaa. Akanipa pole.

Jumapili nikampigia Baba kwa video.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Nikainua kitambaa. Akakitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kukinadi kama mkoba.

"Hao watatu ni nani?"

"Ni sisi, Baba."

"Sisi gani?" Akasonya. "Upande huo kila mtu anapanda. Sisi tulikuwa kule kwenye viti vitupu, tunapigwa picha."

Nyuma yake nikamsikia Mama akicheka na kulia kwa pamoja. Nikachukua mkasi, nikatufumua hapohapo, Baba akinielekeza kiti.