Kinanda Tulichokiita Bubu

Enzi zetu sisi tuliokulia Kisumu, wewe na mimi tuliokunywa maziwa ya shule kwenye pakiti zile za pembe tatu, kelele ndiyo iliyokuwa dalili ya maendeleo. Nyumba yenye heshima uliijua kabla hujaiona. Mtaani kwetu Kaloleni, mume wa Mama Zuhura, jirani tuliyegawana naye ukuta, alikuwa na redio kaseti ya spika mbili. Akiifungulia Jumamosi asubuhi, viboko kule ziwani walikuwa wanageuka upande wa pili wa kulala. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinu cha kusaga unga ambacho kikinguruma, unasikia mpaka kwenye magego. Na mvua ikipiga mabati ya shule, mwalimu wa hesabu aliweka chaki chini, akakunja mikono, nasi tukamshukuru Mungu kimoyomoyo. Watoto wa kike tuliimba tukiruka bladda, ile kamba ya mpira, tukaimba tukiosha vyombo, na mimi binafsi nilichapwa kwa kuimba huku mdomo umejaa omena, dagaa wa ziwa letu.

Sasa katika mji huo, baba yangu ndiye aliyeleta kinanda kisichosikika.

Wacha nieleze vizuri. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya, na watu walimwita Mwalimu hata wale waliomzidi umri. Kanisa lilimpeleka Ujerumani kusomea kinanda kikubwa cha kanisani. Alikaa huko miaka miwili. Mama alibaki nasi watoto wanne, akikaanga samaki na kuuza mandazi, na kila akiulizwa habari za mumewe alijibu kwamba anasoma, kisha anageuza mazungumzo. Siku Baba aliporudi, nusu ya mtaa ilikuwa stesheni. Uvumi ulikuwa umeshatangulia kwamba analeta televisheni ya rangi. Tukamwona akishuka kwenye gari moshi akiwa amekumbatia sanduku refu, bapa, lililofungwa kwa mablanketi, kama mtu anayemtoa mgonjwa hospitali. Miguu ya sanduku ilikuwa imefungwa kando kwa kamba.

Sebuleni mablanketi yakafunguliwa. Ndani, vibao vya kubonyeza: vile vikubwa vyeusi, vile vidogo vyeupe.

"Mwalimu," akasema Mama Zuhura kwa huruma, "hawa Wazungu wamekuonea. Wamekipaka rangi kinyume."

Baba akacheka, akaketi, akacheza. Sisi tukasubiri. Mume wa Mama Zuhura akainamisha kichwa, akakuna sikio.

"Stima imepotea?"

"Hakitumii stima, ndugu yangu."

"Basi hapo ndipo shida ilipo."

Jina lake halisi ni klavikodi. Baba alituambia kwamba ni mzee kuliko piano, na kwamba zamani wapiga vinanda wa makanisa ya Ulaya walikuwa wanafanyia mazoezi nyumbani kwenye hicho, kwa sababu hakimwamshi mtoto. Ukibonyeza kibao, kipande chembamba cha shaba kinainuka kwa ndani na kugusa uzi, kisha kinakaa pale pale juu ya uzi mpaka uondoe kidole. Kwa hiyo bado umeishika sauti yenyewe. Ukitikisa kidole polepole, nayo inatetemeka, kama koo la mtu anayejizuia kulia. Piano haiwezi hivyo hata uibembeleze. Lakini ukubwa wa sauti yake, jamani! Mbu wa Nyalenda akipita sebuleni, Bubu alikuwa anaonekana ndiye anayemsindikiza mbu. Jina hilo la Bubu walimpa watoto wa Mama Zuhura, likamshika. Hata Baba mwishowe alikuwa anasema, "Akinyi, mfunike Bubu, mvua inakuja."

Mimi ndiye niliyependwa na Bubu. Ndugu zangu walijaribu wiki moja, wakarudi kwenye mpira. Mimi nilikaa. Baba alinifundisha nyimbo za Wajerumani wa kale, nyimbo ambazo mkono wa kushoto na wa kulia inaulizana na kujibizana kama wake wenza wanaoelewana. Alinifundisha pia kumtunza. Unyevu wa ziwa ulikuwa unavimbisha vibao, tukavipaka unga wa chaki vipate kuteleza. Kati ya nyuzi kulikuwa na utepe wa sufu uliosukwa ili zisiendelee kulia baada ya kuachwa. Mende wa Kisumu, ambao nakuapia wanakula hata misumari, wakautafuna wote. Baba akachukua sweta yangu ya shule iliyonibana, akaikata vipande virefu, akasuka upya. Tangu siku hiyo muziki wa Ulaya ulikuwa na rangi ya shule yetu ya msingi.

Mama hakuwa na neno na mtu yeyote, ila na Bubu. Alipika, akafagia, akampitia kando kama mgeni aliyekaa kupita kiasi. Jioni moja, Baba akijaribu kumweleza uzuri wa wimbo fulani, alimkata.

"Baba Akinyi, miaka miwili nimekaa kimya mimi. Wewe umekwenda ng'ambo, umeona kila kitu cha huko, ukachagua kuniletea bubu mwenzangu?"

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, sikujua niiweke wapi.

Mama hakutaka ugomvi. Alitaka cherehani. Mtu mmoja pale soko la Kibuye, muuza samani za mitumba, alikuwa na cherehani ya mguu na alikuwa amekubali kubadilishana kwa sanduku lile. Alilipenda kwa mbao zake, angelifanya kabati. Kwa cherehani Mama angeshona sare za shule za mtaa mzima. Basi akaweka sharti, na nakumbuka maneno yake mpaka leo: "Krismasi tunaenda kwa mama yako Kombewa. Utawapigia watu wa nyumbani. Wakikisikia wakakipenda, kikae, sitasema tena. Wasipokisikia, Jumamosi inayofuata kinaenda Kibuye."

Baba akakubali haraka mno. Nadhani aliamini kwamba muziki mzuri unajitetea wenyewe. Mimi sikula vizuri mwezi mzima, nikakonda mpaka kivuli changu kikanikana. Tulifanya mazoezi kila siku baada ya shule. Nyimbo tatu zake, na moja yangu, ile ya polepole yenye kutetemeka.

Sasa, ninyi wa rika langu mnajua mambo ya kule kwetu. Mpiga nyatiti, zeze letu la nyuzi nane, akija nyumbani kwa watu, haanzi tu. Kwanza anakaza nyuzi. Anakaza, anagonga kidogo, anasikiliza, analegeza, na watu wanajua kwamba huo ni wakati wa kunywa chai na kusalimiana. Kisha wimbo ukishakolea, mtu anainuka na kuusimamisha, anatoa sarafu, anajisifu yeye na rafiki zake mpaka atosheke, ndipo anaruhusu muziki uendelee. Hiyo tunaiita pakruok. Muziki usiosimamishwa na mtu ni muziki ambao haujamgusa mtu.

Siku ile boma la Dani, nyanya yangu, lilijaa. Walikuja watu wa Seme yote, nasema yote, hata wagonjwa wa hospitali ya Kombewa naamini waliomba ruhusa. Bubu akawekwa kwenye kivuli cha nyumba. Baba akavaa suti yake ya Ujerumani, akainama, akaanza.

Watu wakanywa chai. Wakasalimiana. Kina mama wakaulizana habari za watoto. Wazee wakajadili mafuriko ya Ahero. Baba akamaliza wimbo wa kwanza, akaingia wa pili, jasho likimtiririka shingoni, na hakuna aliyegeuka. Wa tatu ukaisha. Akaniita. Nikaketi, nikacheza wimbo wangu bila kosa hata moja, vidole vyangu vikitetemesha vibao kama nilivyofundishwa, na nyuma yangu mtu mmoja alikuwa anasimulia jinsi ng'ombe wake alivyozaa pacha.

Nilipomaliza, Mzee Okumu, binamu ya babu yangu na bingwa wa kujisifu katika tarafa nzima, akaona amesubiri vya kutosha. Akainuka na fimbo yake.

"Simamisha!" akasema, ingawa hakukuwa na cha kusimamisha. "Mimi Okumu, shemeji wa mvua! Mimi niliyemkopesha kiboko meno! Mwalimu huyu aliyekwenda kwa Wajerumani akarudi na kofia yake, ni damu yangu!"

Akatupa shilingi juu ya kifuniko. Ndugu zangu, shilingi ile ilitoa sauti kubwa kuliko nyimbo zote nne. Watu wakashangilia. Kisha Mzee Okumu akaketi, akajifuta mdomo, akasema kwa upole wa mtu asiyetaka kumharakisha fundi:

"Haya Mwalimu. Ukimaliza kukaza nyuzi, utuanzie."

Walidhani alikuwa bado anakaza. Wote. Hawakuwa na dharau hata chembe. Walikuwa wanamngojea kwa heshima, kama wanavyomngojea mpiga nyatiti yeyote. Baba alitazama umati ule, watu waliomlea. Dani akamwokoa. "Mwanangu, acha kwanza ule. Hata hicho kisanduku kimechoka kukohoa." Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mimi nilikuwa karibu. Niliona mkono wake ukifunga kifuniko taratibu mno. Mama alikuwa mlangoni na sinia la ugali. Hakucheka.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amemwita mwenye mkokoteni aje asubuhi. Baba alichukua bisibisi ya kufungulia miguu ya Bubu, kisha akaenda nayo uani, akakaa huko, hakurudi. Mama aliketi sebuleni na ungo, akichagua mawe kwenye mchele wa Ahero. Redio ya mume wa Mama Zuhura ilikuwa inavunja ukuta, kinu kinanguruma, watoto nje wanapigana. Nikamwuliza kama naweza kumpiga Bubu mara ya mwisho. Akasema, "Piga, nani amekukataza?"

Nilianza ule wimbo wa polepole, na hata mimi sikuusikia. Nilikuwa nausikia kwa vidole tu.

Halafu stima ikapotea. Mnaijua Kisumu ya siku hizo, stima ilikuwa inapotea kama mume mlevi, bila kuaga. Redio ikakatika katikati ya neno. Kinu kikaguna, kikashuka, kikanyamaza. Watoto nje, sijui kwa nini, nao wakatulia, nadhani walishtushwa na kimya. Na ndani ya kimya kile, Bubu akawa anaongea. Sauti nyembamba, ya karibu sana, kama mtu aliyekaa kando yako kitandani. Mkono wa kushoto ukauliza, wa kulia ukajibu. Nikafika pale pa kutetemesha.

Nikasikia mchele umeacha kusogea kwenye ungo.

Sikugeuka. Niliogopa kwamba nikigeuka wimbo utakwisha. Mlangoni mwenye mkokoteni akapiga hodi kwa sauti yake ya Kibuye: "Mama! Mzigo uko wapi?"

"Nyamaza kwanza," Mama akasema, bila kumwangalia. "Kuna mtu anaongea."

Yule bwana akatazama sebuleni, akaniona mimi peke yangu na sanduku, akavua kofia. Nilipomaliza, Mama alikuwa bado ameshika punje za mchele mkononi. Akasema, "Pale anapotetemeka. Rudia pale." Nikarudia. Akataka tena, nikarudia tena, na safari hiyo Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, bisibisi mfukoni. Mama akamwona.

"Huu ndio uliokuwa unanieleza ile jioni?"

"Ndiyo huo."

"Kwa nini ulikubali kuupeleka kwa watu wote wale, Baba Akinyi? Huu ni wa mtu mmoja." Kisha akageuka kwa mwenye mkokoteni, akamwambia akaribie chai, maana hakuna mzigo wa kubebwa leo.

Cherehani alikuja kuipata baadaye, kwa mandazi yake mwenyewe, na Baba akambebea mwenyewe kutoka Kibuye. Lakini tangu siku ile, stima ikipotea mchana, majirani walitoka nje kulaani, na kwetu Mama alivuta kiti. Nilipokuwa shule ya jioni, mtu mzima nikimalizia masomo yangu, mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba sauti ni mtetemo tu unaosafiri hewani. Nikamwelewa kabla hajafika ubaoni.

Siku hizi Bubu yuko kwangu. Wazazi wote wawili wamelala Kombewa. Wajukuu wangu wana simu zenye vinanda ishirini ndani yake, na ukibonyeza hiki inalia tarumbeta, ukibonyeza kile inalia mvua, nao wamechoshwa na vyote kabla chai haijapoa. Nikiwaambia wamsikilize Bubu, wanatoa kifaa kimoja cha kusikilizia sikioni, kimoja, kwa adabu, wanasema, "Nyanya, imewaka?" Siwalaumu sana. Sisi tulikuwa na kelele, lakini kelele zetu zilikuwa na mapumziko. Sasa stima ikipotea, jenereta zinawaka kabla hata hujatafuta kiberiti. Makanisa matatu yamenizunguka na spika zake. Na bodaboda hazijui Jumamosi wala Jumapili. Mchana wa kimya kama ule sijaupata tena Kisumu, na nimeusubiri miaka mingi.

Bado naketi, bado nacheza ule wa polepole. Sisikii kitu. Lakini vidole vinajua pale pa kutetemeka, na nikifika pale, narudia.